Stika Iliyofika Bungoma

Kila jioni Jaswinder humsuka mjukuu wake, Harleen, huku wakitegeana vitendawili. Wanaishi nyuma ya duka la vitambaa la Darshan, baba ya Harleen, hapo Kitale mjini. Harleen ana miaka kumi na mitano. Nywele zake zinafika kiunoni, maana katika dini yao ya Kisikh nywele hazikatwi, hata za usoni.

"Kitendawili!"

"Tega, Dadi." Ndivyo anavyomwita nyanya yake.

"Nikimkunja ananyamaza, nikimrarua anapiga kelele."

Harleen aliwaza, akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Chukua Kitale yote."

"Nimeenda Kitale, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni kitambaa!"

"Aii! Na tunalala na vitambaa humu!"

Jioni moja Jaswinder alitega huku akichukua kitana, asijibiwe. Aligeuka. Harleen alikuwa ameshika mkasi wa dukani.

"Dadi, nataka kukata zote. Na hizi za mdomoni ninyoe."

Harleen alimpa nyanya yake simu. Katika kundi la darasa, mtu alikuwa amegeuza picha yake kuwa stika. Amechorewa kilemba na masharubu makubwa, chini imeandikwa "Mzee Harleen".

"Nikiwasalimia, wananitumia hiyo stika. Nikiuliza homuwaki, wananitumia. Siendi shule tena."

Jaswinder alimnyang'anya mkasi. Kisha akafuta stika, ujumbe, kundi zima.

"Nimefagia," alisema. "Imeisha."

Haikuisha. Asubuhi Harleen alikataa kuvaa sare. Darshan alimpigia simu dada yake Manisha, aliyeko Bungoma.

"Nakuletea Harleen asomee huko. Huko hawamjui."

Manisha alimkatiza. "Kaka, hiyo stika imefika huku. Mtoto wa jirani ametumiwa na binamu yake, Wepukhulu, anayesoma na Harleen. Nilikasirika, nikapiga picha ya skrini yake, jina na tarehe zikionekana."

Darshan aliketi juu ya robota la kitambaa.

Darshan, Jaswinder na Harleen walienda shuleni kwa Madam Nasike, mwalimu wa ushauri.

"Mmefanya vizuri kuja," alisema. "Nionyesheni."

"Nilifuta," Jaswinder alisema.

"Aii, nyanya! Umemfukuza shahidi. Kabla ya kufuta, mtu apige picha ya skrini: ujumbe, aliyetuma, na tarehe. Asijibu matusi. Kisha azuie hiyo namba."

"Dada yangu anayo, amenitumia," Darshan alisema, akamwonyesha. "Na mimi nataka polisi, bana!"

"Ni haki yako. Kumsumbua mtu kwa simu hivi ni kosa kwa sheria. Kituoni ulizeni dawati la watoto. Mnaweza pia kupiga 116, namba ya msaada wa watoto, ni bure. Kama ni vitisho au picha za uchi, hata msingojee shule. Lakini huyu Wepukhulu pia ni mtoto. Sheria haimshughulikii kama mtu mzima, mara nyingi hutafuta kumrekebisha." Akamgeukia Harleen. "Na wewe, unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Waache. Mkasi siutaki tena. Na wajue kwa nini sikati."

Darshan alimtazama binti yake. "Sawa. Tuanze na shule. Wakirudia, naenda kituoni."

Wepukhulu aliitwa pamoja na mama yake.

"Niliitengeneza kwa mchezo tu, madam."

"Mchezo?" mama yake aliuliza. "Mbona hukuweka sura yako? Ama yangu, na mimi niko na ndevu mbili?"

Wepukhulu alimwomba Harleen msamaha mbele ya wazazi. Alimwandikia kila aliyemtumia stika, hata binamu wa Bungoma, afute. Simu yake ilibaki kwa mama yake, na Wepukhulu akawa anaenda kwa Madam Nasike kila wiki. Darasani, Harleen mwenyewe alieleza habari ya nywele zake. Madam Nasike aliingia katika kundi lao, na ikawa kanuni kwamba anayetuma na anayesambaza wote wataitwa.

Kama kuna stika iliyobaki katika simu fulani, hakuna ajuaye. Darasani haikutumwa tena.

Siku hizo Jaswinder alikuwa akisuka bila kutega kitendawili. Hakutaka kulazimisha. Ndipo jioni moja akasikia:

"Kitendawili!"

Mikono yake ilisimama. "Tega, mama."

"Kilinichoma, kikahifadhiwa, kikanitetea."

Jaswinder alijua. Lakini akasema, "Kimenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua Bungoma."

"Nimeenda Bungoma, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni stika!" Harleen alisema. "Vuta vizuri, Dadi. Kesho nina shule."