Shavu Begani mwa Yamna

Doa la kwanza lilikuwa la watu. Wanawake waliokuja kumpa pole Yamna kwa kufiwa na mumewe, Idrisi, walimkumbatia na kulia begani mwake, na wanja wao ukabaki kwenye jalabia yake nyeupe. Katika mji wa Meknesi mjane huvaa nyeupe eda nzima, wala hagusi wanja. Doa jeusi kwenye vazi lile huonekana tangu mlangoni.

Yamna alijua kulitoa. Wanja una mafuta: hulegezwa kwa tone la mafuta ya zeituni, hunyunyiziwa udongo mkavu unyonye, kisha sabuni na maji baridi. Lakini alikuwa amechoka. Alilowesha jalabia kwenye maji yanayochemka, doa likazidi kushika, akayamwaga maji yangali moto kwenye tundu la maji machafu la uani. Hakusema bismillahi. Wanawake wa mji ule huisema kabla ya kumwaga maji ya moto, ili majini walio chini wasogee. Yeye hakuwa ametamka neno tangu wageni waondoke. Hapakuwa na wa kumwambia.

Tunduni ikatoka harufu ya nywele zilizoungua.

Kesho yake alipoamka usingizi wa mchana, bega lilikuwa limelowa. Juu ya kitambaa palikuwa na chapa ya wanja: jicho, shavu na nusu ya mdomo, kama ya mtu aliyeegemea. Akafua kwa mafuta na udongo, chapa ikatoka. Ikarudi kwenye jalabia ya pili, kisha kwenye foronya.

Ijumaa wifi yake Zhor, dada wa marehemu, alileta bakuli la kuskusi. Hakuliweka chini.

"Wifi, wanja huo wa nani? Kaka yangu kafufuka?"

Yamna alisema ni wa waliokuja kulia. Zhor akamjibu kwamba waliolia walishakwenda zao zamani. Nyumba ni ya ukoo, na mjane anayejipamba ndani ya eda hakai humo. Ijumaa ijayo angekuja na kaka zake. Wakikuta doa, afungashe. Yamna hakuwa na wazazi, wala mtoto, wala mlango mwingine wa kubisha.

Akamwita Rukiya, mama anayesugua wanawake hamamuni na kutibu waliopagawa. Rukiya alinusa bega, akarudi nyuma.

"Huyu jini umemuunguzia mwanawe," alinong'ona. "Mwenzio yuko msibani."

"Atatoka?"

"Kwa ubani na chumvi atatoka. Ila umfukuze wewe, kwa mdomo wako. Mimi hatanisikia."

Wakafukiza Alhamisi alasiri, milango imefungwa. Moshi ulipojaa chumba Yamna alihisi uzito ukishuka begani, kwanza kama mkono, kisha kama kichwa kizima, na karibu na sikio lake kikaanza kilio chembamba kisicho na pumzi, kilichopanda na kushuka bila kukatika, na ile harufu ya nywele ikaushinda ubani, na Rukiya akimtikisa aseme, aseme upesi, naye kinywa ki wazi, akijua kwamba neno moja lingemrudishia nyumba yake, na kwamba tangu Idrisi azikwe hakuna aliyemwegemea kwa muda mrefu hivi.

Hakusema. Rukiya alikusanya chetezo na chumvi yake. Alimwambia asije kusema hakuonywa, akatoka bila kuaga.

Ijumaa Zhor alikuja na kaka zake wawili. Yamna alikuwa amefua alfajiri. Jalabia ilikuwa safi. Zhor alimzunguka, akavuta kitambaa cha bega, akakiangalia kwenye mwanga wa uani. Alikuwa anafungua mdomo kusema walikosea, pale kitambaa kilipobonyea chini ya vidole vyake. Jicho likajichora. Likafuata shavu, ukafuata unyevu.

Kaka zake ndio waliotangulia mlangoni. Zhor aliacha kiatu kimoja uani, na hakumtuma mtu kukifuata. Suala la nyumba halikuzungumzwa tena. Kuskusi nayo haikuletwa tena, na majirani wakawa wanapita upande wa pili wa uchochoro.

Siku ile Yamna alifunga mlango, akaketi chini, akaegemea ukuta. Uzito ukashuka mahali pake.

"Lia, mwenzangu," akasema. "Hapa hatufukuzwi."

Akafumba macho. Kisha uzito mwingine ukashuka, na bega la pili nalo likaanza kulowa.