Jirani Afunguka

Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, nyumba ya nyasi ya bibi Minza kijijini Sola ilikutwa ikiwaka. Majirani walimtoa mikono imebabuka. Saa moja na nusu, kabla hajafikishwa hospitali, alikwisha kuhukumiwa: televisheni ya mtandaoni iitwayo Kimulimuli ilirusha video yenye kichwa MCHAWI WA SOLA ACHOMEWA NYUMBA, JIRANI AFUNGUKA.

Afunguka! Zamani watu walisema, walieleza, walikanusha. Siku hizi kila mwenye mdomo anafunguka kama kopo la samaki.

Jirani mwenyewe, Bujiku, alionekana kwa sekunde tisa tu. "Tumemchoka. Lazima aondoke." Chini yake maandishi: LEO SAA 1 ASUBUHI, MOTO UKIWAKA. Kufikia saa nne alikuwa mahabusu.

Scola, mtangazaji wa redio ndogo ya Bariadi kwa miaka ishirini na miwili, ni wa ile aina inayochekwa na vijana wa kamera: huuliza mara mbili, huandika daftarini, huachwa na habari kwa sababu bado anaithibitisha. Alifika kituo cha polisi saa saba mchana.

"Mayu Scola, usijisumbue," alisema Sajenti Salu, mpelelezi wa kesi, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma. "Sura yake, sauti yake. Na walikuwa na ugomvi."

"Niruhusu nimuulize mawili tu."

Bujiku aliletwa. Hakuficha kitu. "Ugomvi upo. Mbuzi wake walikula mihogo yangu, nikamtukana. Lakini kumchoma? Yule ndiye aliyemzalisha mke wangu!"

"Maneno ya kwenye video ulimwambia nani?"

"Kijana wa Kimulimuli, Constantine. Alinikuta jana nachambua pamba, akaniuliza habari za karani wa ghala, yule anayechezea mizani. Nikasema tumemchoka."

"Saa ngapi?"

"Jua lilikuwa limepinduka."

Salu akaguna. "Kila mtuhumiwa ana jana yake."

Scola hakubishana. Alicheza video, akamsogezea sajenti simu sikioni. "Usimsikilize Bujiku. Msikilize mama anayepita nyuma yake."

Kwa mbali, mwanamke alikuwa anasalimia: "Mwadila!"

Salu, Msukuma wa Mwandoya, aliirudia video mara mbili. Asubuhi ni mwangaluka. Mwadila haisemwi mpaka mchana, na hilo hata mlevi hakosei.

"Huyu Constantine kwao wapi?"

"Dar. Ana miezi minne huku, na salamu hajajifunza."

Saa kumi jioni walikuwa Somanda, kwenye ofisi ya Kimulimuli, ghorofani juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Constantine alikuwa amekodolea macho kompyuta.

"Watazamaji laki mbili na elfu kumi!" alisema, badala ya kuwasalimu.

"Bujiku ulimrekodi lini?" Salu aliuliza.

"Leo saa moja. Si nimeandika?"

"Umeandika. Lete kamera."

Aliitoa polepole. Salu alifungua video ya kwanza ya Jumanne. Ilianza saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Paa zima, kuku wanadonoa, hakuna moshi. Ikaenda hivyo dakika tatu. Ya nne, moto ukachomoza pembeni, upande ilikosimama kamera.

"Dakika tatu ulikuwa unarekodi nini?" Scola aliuliza. "Nyasi?"

"Mandhari."

"Mandhari ya kibanda cha kikongwe, kabla hakijaungua."

"Nyie wa redio hamuelewi!" Constantine alifoka. "Habari ya uchawi bila picha nani anaitazama? Nilikaa wiki nzima Sola, hakuna kitu! Kibanda chenyewe kinataka kuanguka. Na nilijua hayumo, kila asubuhi huwa anakwenda kisimani!"

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Leo alikuwa na homa," alisema Scola. "Ungeuliza."

"Na Bujiku je?" Salu alisema, akitoa pingu.

"Nilihitaji mtu wa kufunguka."

Scola alimtazama, akaona aibu kwamba kitambulisho cha uandishi kilichoning'inia shingoni mwa takataka ile kinafanana na chake.

"Nitaifuta," Constantine alilalamika. "Nitaomba radhi laivu."

Bujiku aliachiwa jioni ileile. Kesho yake asubuhi alimpelekea bibi Minza uji hospitalini, Scola akiwa naye.

"Mayu, nimetangaza ukweli wote redioni," Scola alimwambia. "Jina lako limesafishwa. Utakwenda kukaa kwa nani mpaka tujenge?"

Bibi Minza alitazama bandeji za mikono yake. "Mwanangu wa Mwandoya amepiga simu. Kasema nisiende kwake, wakwe zake wameiona video."

"Redio hajaisikiliza?"

"Kaisikiliza. Kasema redio ni maneno, ile wameiona kwa macho."