Mstari Mmoja Bado

Jua lilikuwa linazama nilipopanda kutoka Ipogolo kwenda kliniki mjini, nimebeba blanketi na ndala. Nilikuwa nakwenda kulala tu. Kupimwa usingizi.

Mke wangu Benedicta alibaki. "Ng'ombe atakamuliwa na nani, Baba Gloria?"

Mwaka mzima nilikuwa naamka hoi, mabega yanauma, viganja vina malengelenge. Nilishasinzia kwenye usukani, fuso limejaa vitunguu. Kwetu mtu wa hivyo husemwa analimishwa usiku na wachawi, na halimishwi mtu bila wa nyumbani kumtoa kwao. Nilimshuku shangazi Faustina, nikamnyima hata salamu. Sasa nilitaka kujua: ni ugonjwa, au nalimishwa?

Muuguzi Damari alinibandika nyaya kichwani kwa gundi nyeupe yenye harufu kali. Akasita utosini.

"Kaka, hapa nani amekunyoa?"

Nikapapasa. Kipara kidogo, laini, kama wanavyosemwa kunyolewa wanaolimishwa. Na nywele hunikata Benedicta...

Nililala nikiwaza hilo.

Asubuhi Damari alinionyesha video ya usiku. Nakoroma... nakoroma... kimya.

Pumzi imekatika.

Mikono yangu ikainuka juu ya shuka, imefumbwa kana kwamba imeshika mpini. Ikashuka. Ikainuka tena.

Nilikuwa nalima!

Kisha sauti ikanong'ona, "Jikaze, Baba Gloria. Mstari mmoja bado."

"Nani aliingia?" niliuliza.

Damari hakunitazama. "Mlango niliufunga mwenyewe, kaka."

Daktari alisema koo langu huziba usingizini, pumzi hukatika, ndiyo maana nachoka. Akanipa mashine yenye barakoa, niivae kila nikilala. Sauti ile, alisema, labda ilitoka chumba cha jirani. Nilitamani sana kumwamini. Lakini sauti ya mwanamke niliyezaa naye naijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekwenda kukitafuta kwa shangazi wa watu! Njia nzima nililia bila aibu.

Benedicta alinipokea mlangoni.

"Kamwene, Baba Gloria. Umelala salama?"

Akapokea mfuko wa mashine kwa mikono miwili. Kwenye kucha zake kulikuwa na gundi nyeupe. Harufu ile ile.

Akaitoa barakoa, akaigeuzageuza, akanyoosha mikanda yake kwa upole.

"Usihangaike nayo," alisema. "Kila usiku nitakuvalisha mimi."

Nilitaka kukataa. Lakini macho yalikuwa yameshaanza kunielemea.