Ulimi Mfupi wa Benchi

Hafsa wa darasa la kwanza alikatika kidole kwa sababu ya benchi. Mguu mmoja ulichomoka, ubao ukaanguka na kukibana kidole chake cha shahada kwenye sakafu. Benchi lenyewe lilikuwa jipya kabisa.

Lilitengenezwa na Hamisa na Yuditha, marafiki wa darasa la saba katika shule moja ya Chanika, Handeni. Kila Ijumaa baada ya vipindi Fundi Elisha aliwafundisha useremala, kwa kuwa wanafunzi wadogo walikuwa wanakaa chini kwa kukosa mabenchi. Vifaa vilikuwa msumeno, randa, patasi na nyundo, basi. Kichwa cha kila mguu huchongwa kipande chembamba kiitwacho ulimi, na ulimi huo huingia kwenye tundu la ubao.

"Ulimi ufike mwisho wa tundu," Fundi alizoea kusema. "Ukiwa mfupi, tupa mguu, anza upya."

Siku hiyo Hamisa alitaka kumaliza kabla ya wenzake wote. Akakata ulimi mmoja, ukawa mfupi kwa nusu kidole.

"Umepunja, Hamisa. Tuchonge mwingine," Yuditha alisema.

"Nyie watu wa milimani mnaogopa hata mbao!" Hamisa alimtania, kwa kuwa asili ya Yuditha ni milimani. "Kalete msasa kwa Fundi."

Yuditha alipokwenda, Hamisa alikoroga unga wa mbao na gundi, akajaza tundu, akagongelea mguu uleule.

"Nimeubadilisha," alimwambia mwenzake aliporudi. "Kulikuwa na mguu wa akiba."

Yuditha akamwamini.

Hafsa alipoumia, Fundi aliuokota ule mguu, akakwangua gundi kwa ukucha.

"Nani alikata ulimi huu?"

"Yuditha," Hamisa alijibu haraka.

Yuditha alifungua mdomo, lakini kilio kikamtangulia. Fundi akadhani analia kwa kuwa ana kosa.

"Toka karakanani. Usiguse patasi yangu tena."

Tangu hapo, kila Yuditha alipopita uwanjani, wenzake walikunja ngumi na kuzificha mgongoni. "Mkata vidole huyo! Ficheni mikono!" Hamisa naye alikunja ngumi. Yuditha akaacha kuja shule. Mwishowe mama yake akampeleka kwa bibi yake, Old Korogwe.

Hamisa ndiye aliyepewa kazi ya kuchonga mguu mpya. Alikuwa anachonga pale mama yake Hafsa alipoingia na mtoto, mkono wa kulia umefungwa bandeji.

"Huyu ndiye dada anayekutengenezea benchi, mwanangu. Mwamkie."

"Shikamoo, dada," Hafsa alisema, akanyoosha mkono wa kushoto. "Sasa naandika kwa huu. Herufi zinaanguka."

Patasi ikamtoka Hamisa mkononi.

"Ni mimi, mama. Ule ulimi niliukata mimi."

Mama yule alimbeba mtoto wake akaondoka.

Fundi Elisha aliposikia, alimpeleka Hamisa Old Korogwe akaombe radhi. Yuditha alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nilikukosea. Sikukuuliza. Rudi shuleni."

"Sirudi."

Hamisa aliomba radhi, lakini Yuditha hakumtazama hata mara moja. Akaingia ndani.

Njiani Fundi alisema, "Ulimi wa mbao uliufupisha, wa kinywani ukaurefusha. Ungekosea ukasema palepale, ningekupa mbao nyingine. Mbao ninazo. Kidole cha kumpa Hafsa sina. Ukiharibu kazi, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajaikalia."

Jumatatu Hamisa alisema ukweli mbele ya shule nzima. Benchi akalitengeneza upya, ndimi zote zikafika mwisho wa tundu, na watoto wanalikalia mpaka leo.

Liligharimu kidole kimoja cha mkono wa kuandikia, na rafiki mmoja.