Samaki Mweusi wa Lituhi

Asubuhi ile Tadea alipofungua mlango wa Jumba la Maonyesho pale Mbinga, samaki wote ndani ya tangi walikuwa wamegeukia ukutani. Wa bluu, wa njano, magege wenye miiba, wote walikuwa wamejibana kwenye kona ya nyuma, pua zikigusa kioo, kama watoto waliopewa adhabu. Mmoja tu hakuwa nao. Yule mweusi alikaa katikati ya tangi, peke yake, anatazama mlango.

Tadea aligonga kioo kwa ukucha. Hakuna aliyegeuka. Akajiambia ni baridi tu, maana ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbinga mwezi wa sita haina simile. Akaenda kutafuta mkaa wa kupasha moto chumba.

Ilikuwa miaka ile ya kuuzwa. Mashirika yaliuzwa, maghala yaliuzwa, watumishi wa serikali walipunguzwa kama matawi ya mibuni, na mjini kila mtu alijua kwamba mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa analimezea mate lile Jumba la Maonyesho. Lilijengwa enzi za Ujamaa ili watu wa milimani wawaone samaki wa ziwa lao wakiwa hai. Kisha pampu ya hewa ikaharibika, samaki wakafa, na lile tangi la kioo, refu kama kitanda cha watu wawili, likajazwa viti vibovu. Panya wakazaa humo.

Bwana Joakim, afisa utamaduni aliyehamishiwa hapo kutoka Tabora, hakukubali liuzwe.

"Tukilifufua tangi, watu watakuja," alimwambia Tadea, msaidizi wa uvuvi pekee aliyekuwa amebaki kazini. "Watu wakija, jumba haliuzwi. Tukishindwa, mimi na wewe tukalime."

Tadea hakuwa na pa kulima. Alikuwa na binti mmoja, Bonifasia, wa darasa la pili, na baba wa mtoto alikuwa ameoa mke mwingine Songea. Basi alipiga magoti ndani ya tangi akasugua kioo kwa mchanga na chumvi mpaka vidole vikachubuka. Aliziba nyufa, akapanga mawe, akafunga pampu mpya. Gari la idara likashuka ziwani na kurudi na mapipa ya maji na samaki. Wakafa. Wakaletwa wengine, nao wakafa. Kila asubuhi aliwaopoa kwa chujio, matumbo juu, macho meupe.

Safari ya mwisho Joakim mwenyewe alifuatana na Tadea, mpaka Lituhi. Mbali kidogo na kijiji, mahali miamba ilipobanana ufukweni, walikuta kidimbwi ambacho mawimbi hayakukifikia. Ukingoni palikuwa pamemwagwa unga mweupe. Ndani yake alizunguka samaki mmoja mweusi, hana magamba, mrefu kama mkono wa mtu mzima, kanona.

"Huyu hatakufa," Joakim akasema.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mwamba akainuka. Aliitwa Lukresia, na ule unga ulikuwa wake.

"Shikamoo, bibi," Tadea alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo si kitoweo. Anakaa hapa ili asikae kwingine."

"Samaki wa ziwa ni mali ya serikali," Joakim akamkatiza. "Wewe, mchote."

"Lakini bibi anasema..."

"Majina ya wanaopunguzwa yanaondoka mwisho wa mwezi. Mchote."

Tadea akazamisha ndoo. Samaki hakukimbia. Aliingia mwenyewe, taratibu, kama mgeni aliyekuwa anasubiri kukaribishwa. Bibi Lukresia hakupiga kelele. Alijifunga upya kanga yake, akasema, "Haya. Mtamlisha wenyewe."

Tangu siku hiyo hakufa samaki hata mmoja. Watu wakaanza kumiminika, wakulima kutoka vijijini, masista, akina mama wa sokoni, wanafunzi wamepandishwa lori kutoka Kigonsera. Joakim alitembea kifua mbele. Ni Tadea tu aliyeona kwamba yule mweusi hali chochote. Hakugusa minyoo, hakugusa usipa, wale dagaa wa ziwani, hakugusa unga. Na bado alizidi kunenepa.

Sasa, asubuhi ile ya samaki kugeukia ukutani, mkaa ulikuwa haujashika moto vizuri mke wa Hyasinti, mlinzi wa jumba, alipofika analia, kanga imemdondoka begani.

"Mume wangu amezama," alisema.

"Amezama wapi, dada?"

"Kitandani."

Tadea alikwenda kuona. Godoro lilikuwa kavu, shuka kavu, nguo za marehemu kavu. Lakini wanaume walipomgeuza ubavu, maji yalimtoka mdomoni na puani, mengi, yananuka tope na nyavu mbichi, yakaenea sakafuni. Na katikati ya yale maji usipa mmoja mdogo alikuwa anarukaruka, mzima. Kutoka Mbinga hadi ziwani si mwendo wa miguu.

Aliporudi kazini, harufu ile ile ilimpokea mlangoni.

Haukupita muda, mtoto mmoja wa Kigonsera, Ignatio, aliinamisha kichwa juu ya dawati katikati ya somo la hesabu. Mwalimu alipomwinua, maji yalilowesha daftari. Muuza chai wa nje ya jumba, mtu wa Kilwa, alimvuta Tadea pembeni na kumnong'oneza, "Mama Bonifasia, mle ndani kuna jini. Kwetu pwani tunayajua. Msitajane majina mbele yake."

Hapo ndipo Tadea alipokumbuka. Joakim alikuwa amemwita Hyasinti kwa sauti mbele ya kioo, aje afute madoa ya vidole. Na mwalimu wa Kigonsera alikuwa amesimama pale pale akifoka, "Ignatio, acha kugusa!"

Akamkimbilia Joakim. "Bwana mkubwa, tumrudishe. Tumrudishe leo hii."

Joakim alicheka. "Mtumishi wa serikali anaogopa kambale?"

"Anaua watu anaowasikia wakiitwa."

Wakati huo huo Bonifasia aliingia anatoka shule, begi mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye kioo kama alivyozoea. Tadea alinyoosha mkono amzibe Joakim mdomo, akachelewa.

"Bonifasia!" Joakim aliita, huku akimkazia Tadea macho. "Bonifasia! Bonifasia! Haya, umeona? Ameanguka? Nenda kapige deki."

Yule mweusi aligeuza kichwa polepole kumwelekea mtoto.

Kabla jua halijazama Bonifasia alianza kukohoa. Tadea alimfuta mdomo kwa kiganja, na kiganja kikanuka ziwa. Hakusubiri hospitali, hakusubiri padre. Aliomba lifti kwenye lori la mahindi lililoshuka Lituhi, mtoto mapajani, na njia nzima alimlaza kifudifudi ili maji yapate pa kutokea, akimpigapiga mgongo na kumwambia pumua mama, pumua, huku kila kona ikimnyima mtoto pumzi kidogo zaidi.

Bibi Lukresia aliwapokea bila kushangaa.

"Nitamrudisha, bibi. Nitamrudisha kwa mikono yangu," Tadea alilia.

"Mwenye maji harudi na njaa. Ametajiwa mtoto, anamngoja mtoto. Mpe jina jingine."

"Jina la nani?"

"Usinitazame mimi, mwanangu. Mimi ni mzee, hatanitaka." Bibi alimpokea mtoto akamlaza mkekani. "Majina mengine aliyaokota tu, yalimdondokea. Hili lazima umpe wewe. Umpe kwa moyo, unataka kweli. Ukimpa kwa woga atalitema, atammaliza binti yako. Mwache hapa. Nenda."

Kesho yake Tadea alirudi Mbinga mchana kweupe, jumba limefungwa kwa sababu Joakim alikuwa bomani akiwaeleza wakubwa mafanikio yake, na alipoingia alikuta sakafu ina maji ingawa tangi halikuvuja, maji ya uvuguvugu yaliyomfika vifundoni, na samaki wote wa bluu na wa njano wamejisokota kwenye kona yao wakitetemeka, na yule mweusi amesogea hadi kwenye kioo, amekiegemea kama mtu anavyoegemea dirisha akimsubiri jirani, na mdomo wake ulipofunguka Tadea aliona ndani yake meno madogo meupe, yamepangika vizuri, kama meno ya utotoni, akajua kwamba akikaa kimya kidogo tu zaidi atamsikia akizungumza, na atazungumza kwa sauti ya Bonifasia.

Akapiga magoti majini. Alitafuta moyoni kama anataka kweli. Akakuta anataka. Akakuta amekuwa akitaka tangu alipozamisha ile ndoo.

"Joakim," alisema.

Waliokuwa bomani walisimulia baadaye. Bwana Joakim alikuwa amesimama anaongea, akainua glasi ya maji alainishe koo. Alipoishusha, glasi ilikuwa tupu na maji yalikuwa bado yanamtoka, mdomoni, puani, kisha machoni. Alijaribu kukimbilia mlango. Watu walirukia madirishani, wengine wakamkanyaga. Aliishia chini ya meza, na usipa walitapakaa kwenye zulia.

Saa hiyo hiyo, kule Lituhi, Bonifasia alikaa kitako akaomba uji.

Tadea alimshusha samaki kwa ndoo ile ile, akammimina kidimbwini. Mweusi alizunguka mara moja, akatulia. Tadea akashusha pumzi, akamwinua binti yake, akageuka aage. Bibi Lukresia alikuwa anakung'uta bakuli lake la unga, hamtazami.

"Mimi nilimlisha unga tangu nikiwa msichana," alisema. "Unga tu. Wewe umemlisha mtu, tena kwa mkono wako. Unga hataki tena."

"Bibi, si tumemaliza?"

"Mtoto akikohoa, utajua ana njaa. Huna haja ya kuja mpaka huku. Popote penye maji atakusikia."

Jumba liliuzwa. Vioo vya tangi vikawekwa kwenye madirisha ya ghala la kahawa. Jina la Tadea lilikuwamo kwenye waliopunguzwa. Alipata kazi ya kufua nguo kwa watu, na kwa miezi mingi Bonifasia alikuwa mzima, ananenepa, anaimba. Tadea alianza kuamini kwamba bibi alimtisha tu.

Hata ikafika Jumapili moja ya msimu wa mwera, ule upepo mkali wa ziwani, kanisa limejaa, kwaya inaimba. Bonifasia akakohoa. Akakohoa tena. Tadea alimfuta kwa kiganja, akakinusa, kikanuka ziwa.

Mwanamke aliyeketi kando yao akavua kitenge chake akamfunika mtoto.

"Pole, mama. Anaumwa?"

"Anaumwa."

"Mungu atamsaidia. Baada ya misa njooni kwangu, nitamchemshia mchaichai. Mimi ni mgeni, nimehamia juzi, bado sijajuana na watu." Akatabasamu, akanyoosha mkono. "Naitwa Vitalia."

Tadea aliushika ule mkono. Ulikuwa na joto. Akaushika muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akiyatazama macho ya yule mwanamke, akitafuta moyoni. Kisha akamwachia, akamweka Bonifasia mapajani mwa mgeni, na kumwomba amshikie kidogo. Akatembea hadi mlangoni mwa kanisa, kwenye bakuli la maji ya baraka, akachovya vidole, akainama karibu kabisa na maji kama mtu anayesali.

Nyuma yake, kikohozi cha mtoto kikakoma.