Msikilizaji wa Kona Nyekundu

Soko la Bukoba lilifurika msimu ule wa senene, panzi wa kuliwa. Rahima, fundi cherehani wa Buhembe, alisimama kwenye foleni na mtandio wake wa rangi ya chungwa, macho kwenye simu, mkono mmoja umekunja ngumi bila yeye kujua. Awadhi, aliyekuwa nyuma yake, akachungulia. Adabu hakuwa nayo, lakini tumshukuru, maana bila umbea ule hawa wawili wasingejuana. Alichokiona kwenye simu ni maneno yake mwenyewe. Mwalimu huyu wa Muleba ndiye aliyekuwa akiandika blogu ya ndondi iitwayo Kona Nyekundu, bila kuweka jina.

“Dada, na wewe unasoma ngumi? Nilidhani hizo ni za vijana wa mikeka ya kubeti.”

“Mkeka umeniona nao wapi, kaka? Nasoma kwa sababu zangu.”

Awadhi hakusema kuwa mwandishi ni yeye. Aliomba namba, akapewa, pamoja na senene wachache wa kuonja. Simu zikaanza, ndondi kidogo, mapenzi mengi.

“Jumamosi jioni mbona hupokei, mpenzi?” aliuliza siku moja.

Rahima akacheka. “Jumamosi jioni ni ya mwanaume mwingine. Tena mzuri kukushinda.”

Utani ule ulimkaa Awadhi vibaya. Wivu ukamla, akaacha kupokea simu zake. Hata kuandika akaacha; aumize kichwa kwa ajili ya watu wa mikeka? Akaamua kuifunga blogu kabisa. Kule Buhembe Rahima alilia, na alikuwa na haki.

Mwishowe Awadhi alipokea.

“Kama umenichoka, sawa,” Rahima alisema. “Sipigi kwa ajili yangu. Wewe unawajua watu wa ndondi. Mtafute anayeandika Kona Nyekundu, umwombe arudi. Baba alikuwa bondia, sasa haoni. Jumamosi jioni namsomea. Tangu mwandishi anyamaze, anakaa tu.”

“Mwanaume mwingine ni baba yako?”

“Ulidhani nani?”

Jumamosi Awadhi aliingia Buhembe na kanzu iliyonyooshwa vizuri. Mzee Hamidi, baba yake Rahima, alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Rahima alikaa pembeni, amenuna.

“Mzee, Kona Nyekundu ni mimi.”

Rahima aliinua uso. Mzee alitafuna taratibu.

“Nani kashinda, hata redio inasema,” alisema. “Wewe unaandika mguu ulikanyaga wapi. Hapo mimi naona. Asante, mwanangu.”

Awadhi alishindwa kujizuia, akafuta machozi. “Asante ni yangu, Mzee. Sikujua naandika kwa ajili ya nani.” Akamgeukia Rahima. “Nisamehe. Ukinikubali, nitaleta wazee wangu.”

“Walete,” Rahima alisema, tabasamu likimshinda. “Lakini kwanza umsomee. Leo na mimi nataka kusikiliza tu.”

Awadhi akafungua simu, akaanza kusoma pambano aliloliandika asubuhi ile. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, Mzee Hamidi alikuwa ameshasimama, mguu wa kushoto mbele, ngumi zote mbili zikilinda kidevu.