Gongo la Mzee Tibbs na Karanga za Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Anitha alikunywa chai haraka haraka, akafunga kamba za viatu, kisha akashuka mbio ngazi za jengo lao katika mji wa Falls Church, ughaibuni, kwenda mazoezi ya besiboli. Jumamosi moja alirudi amekumbatia gongo kuukuu la kupigia mpira kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Lilikuwa gongo la marehemu Lucius Tibbs, mpigaji ambaye wazee wa mtaa walimsifu mpaka mate yakawakauka. Mjukuu wake, Kocha Vernell, ndiye aliyewafundisha watoto. Kila wiki mchezaji aliyejitahidi kuliko wenzake alipewa gongo hilo akae nalo nyumbani. Anitha, aliyeanza msimu bila kugusa mpira hata mmoja, alijiona malkia.

Jumatano alipotoka shule alisikia tu! tu! tu! kutoka jikoni. Bibi yake, aliyekuja kuwatembelea kutoka Tukuyu, alikuwa anatwanga karanga. Kinu alikuja nacho sandukuni, lakini mchi ulibaki uwanja wa ndege kwa sababu ya uzito wa mizigo.

"Bibi, no! Hilo si la jikoni!"

"Mjukuu wangu, nimelikuta nyuma ya mlango, nikaliosha vizuri. Mchi mzuri huu! Umenikaa mkononi hasa."

Anitha alilisugua gongo kwa sabuni mpaka mikono ikamuuma, lakini doa la mafuta halikutoka. Kocha angelionaje? Bila shaka asingempa tena kitu chochote cha babu yake.

Ijumaa alichukua msasa wa baba. Akilikwangua kidogo tu, nani angejua? Bibi alimkuta ameushika.

"Kesho nitakwenda nawe," Bibi alisema kwa upole. "Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe."

Anitha aliona aibu. Bibi hakujua Kiingereza wala hakumjua mtu pale, ila alikuwa tayari kumbebea lawama. Akaurudisha msasa.

Kesho yake, Bibi akiwa kando yake, alimwambia kocha kila kitu. "Bibi hakujua. Mimi ndiye niliyeliacha ovyo nyuma ya mlango. Nisamehe, Kocha. Hata nilitaka kulikwangua."

Kocha Vernell aliligeuza gongo, akalinusa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Karanga! Babu yangu hakukaa uwanjani bila karanga mfukoni." Kisha akaonyesha alama nyeusi kando ya doa. "Hapa ndipo mpira wake wa mwisho ulipogonga. Ungelikwangua, alama hii nayo ingepotea."

Anitha aliigusa alama ile kwa ncha ya kidole.

"Nikuambie kwa nini watu wanampenda hadi leo," kocha aliendelea. "Siku moja mwamuzi alimpa ushindi. Babu akakataa, akasema mpira umetoka nje ya mstari. Timu yake ilishindwa. Mapigo yake mengi yamesahauliwa, lakini ukweli ule ndio aliotuachia, na leo nimeuona kwako. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Haya, shika gongo, zamu yako."

Anitha alipiga kwa nguvu zake zote. Mpira uliruka juu, na Bibi, asiyejua sheria hata moja ya mchezo ule, akapiga vigelegele.

"Umetoka nje!" Anitha alipaza sauti kabla kocha hajafungua kinywa.

Bibi aliendelea na vigelegele vyake, na safari hii Kocha Vernell naye akapiga makofi.